UZI: Kununua mashine ya mabango Mtwara na Lindi, tuongee hedi, umeme na fundi kabla ya kuongea upana

Mchapaji wa Chikongola (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Wiki hii peke yake nimepigiwa simu na watu watatu, mmoja wa Masasi, mmoja wa Nachingwea, mwingine yuko hapa hapa Mtwara mjini. Wote wana swali moja: "Kaka, korosho imelipa, nataka kufungua ofisi ya mabango, ninunue mashine ya mita ngapi?" Nimeona nisirudie maneno kwenye simu. Naweka yote hapa, na wenye uzoefu waongezee.

Mimi nilianza bila mashine. Nilikuwa na kompyuta, CorelDRAW na meza. Mteja akija nadizaini, natuma faili Dar, bango linapanda basi la usiku, asubuhi nalipokea stendi. Baadaye nikanunua mashine iliyotumika ya mita 1.8 yenye hedi ya DX5 (hedi ni kile kichwa kinachonyunyiza wino). Muuzaji aliiwasha mbele yangu, ikatoa picha nzuri ya simba, nikalipa. Wiki ya tatu rangi nyekundu ikaanza kukatika mistari, ya tano ikapotea kabisa. Fundi akafungua akanionyesha: hedi ilishafanyiwa usafi wa dawa kali mara nyingi mpaka uso wake umechakaa. Hedi mpya ya DX5 nikaambiwa bei ambayo ni karibu nusu ya niliyonunulia mashine, na kupata ambayo haijachomolewa kwenye mashine nyingine ni bahati. Mashine ikakaa miezi minne imefunikwa shuka, na mimi nikarudi stendi kupokea mabango ya basi huku nina deni.

Kwa hiyo ninayoandika nimeyalipia.

Jambo la kwanza, acheni kuuliza mita ngapi. Ulizeni hedi gani, na hedi hiyo ikifa leo saa nne asubuhi nitaipata wapi na nani ataifunga. Mashine za kichina za siku hizi nyingi zinatumia hedi za Epson. Umbo la nje, jina la kwenye kifuniko na taa za rangi ni mapambo. XP600 ina nozeli 1080 (nozeli ni vitundu vya kutolea wino) na ndiyo rahisi kuliko zote, mafundi wengi wanaijua. i3200 ina nozeli 3200, ina kasi na inadumu zaidi, lakini ni ghali mara kadhaa. DX5 ina 1440, ilikuwa mfalme enzi zake, leo simshauri mtu anayeanza. Zile mashine kubwa za mita 3.2 za wino mkali nyingi zinatumia hedi za Konica 512i, ambazo ni imara kwelikweli, ila zinataka kazi nyingi ili zilipe.

Jambo la pili, na hili ndilo watu wanakosea zaidi: upana wa mashine hauamuliwi na bango refu. Unaamuliwa na upande MFUPI wa bango. Mteja anakuja anasema nataka bango la mita sita kwa mita moja na nusu. Mtu anasikia mita sita anaogopa, anadhani mashine ya mita 1.6 haiwezi. Inaweza vizuri kabisa, kwa sababu mita sita inapita kwa urefu wa roli, na roli lina mita 50. Linaloshindikana ni la mita tatu kwa mita mbili, maana hata ukiligeuza, mita mbili haziingii kwenye 1.6. Hilo utalichapa vipande viwili na kuunganisha kwa gundi au kwa mashine ya moto.

Chukua daftari. Kabla hujanunua chochote fanya udalali miezi mitatu, yaani pokea kazi utume zikachapwe Dar, andika kila kazi na upande wake mfupi. Nilipofungua daftari langu la wakati ule wa mabasi, kwenye kurasa nne za msimu nilikuta mabango matano tu yaliyozidi mita moja na nusu kwa upande mfupi. Yaliyobaki yote ni mabango ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), maduka ya pembejeo, harusi, mahafali, saluni, mahubiri, maulidi. Hayo matano ningeweza kuyatuma Dar mpaka leo na nisipungukiwe kitu.

Naomba kuwasilisha. Ulizeni.

---

Mwana Masasi

Mkuu asante sana. Mimi ni mmoja wa waliokupigia. Tatizo langu ni hili: muuzaji ananiambia nichukue ya 3.2 kwa sababu "ukubwa unavuta wateja wakubwa", na tofauti ya bei anasema ataniwekea kwa awamu. Tena ananiambia kasi yake ni kubwa, ukipata tenda ya uchaguzi unaimaliza kwa siku moja. Nimeshapata fremu pale karibu na stendi. Nakwama wapi?

---

Mchapaji wa Chikongola

Mwana Masasi, kwanza nenda kapime fremu. Sifanyi utani. Mashine ya mita 3.2 yenyewe ina urefu wa zaidi ya mita nne, kwa sababu upande mmoja kuna sehemu ya kupumzikia hedi na upande mwingine kuna mota. Fremu nyingi za maduka yetu upana wake ni mita tatu au nne. Utaiingizia wapi? Nimeona kwa macho yangu watu wanabomoa ukuta wa nyuma wa fremu ya kupanga kuingiza mashine, na mwenye nyumba amesimama nje amekunja mikono. Hata ya 1.6 usidharau, ina urefu wa zaidi ya mita mbili na nusu, na unahitaji nafasi ya kuizunguka mbele na nyuma kuweka roli.

Halafu kasi. Muuzaji akikutajia kasi muulize ni kwa pasi ngapi. Karatasi zao zinaandika kasi ya rasimu, yaani hedi inapita mara chache na picha inatoka imepauka, mistari inaonekana ukiwa hata hatua tatu. Bango la harusi lenye sura ya bibi harusi huwezi kulitoa hivyo, wataligomea. Mimi mashine yangu ya hedi moja ya XP600, kwa pasi 6, bango la mita tatu kwa moja na nusu inachukua karibu nusu saa. Ndiyo kasi halisi. Muulize yeye kwa pasi 6 inatoa mita za mraba ngapi kwa saa, na mwambie aichape hiyo kazi mbele yako huku umeshika saa ya simu.

Na kuhusu tenda ya uchaguzi: uchaguzi unakuja na kuondoka. Masasi yako ina miezi mingapi ya kazi nyingi kwa mwaka? Minada ya korosho inaanza Oktoba, pesa inazunguka mpaka kama Januari. Baada ya hapo mvua, watu wako shambani, mfukoni hakuna kitu. Mashine hii haijui kama ni masika. Hedi inataka wino upite kila siku. Ukiiacha wiki mbili bila kuchapa, wino unaganda ndani ya nozeli na unaanza safari yangu ya DX5. Sasa ile ya 3.2 yenye hedi nne, kila asubuhi unazisafisha zote nne, wino unaomwagika kwenye chupa ya uchafu ni pesa yako, na hujapata hata mteja mmoja.

Chagua mashine kwa kazi ya mwezi Machi. Ukiweza kuilisha Machi, Novemba itajilisha yenyewe.

---

Mdau wa Lindi

Naunga mkono la Machi. Mimi niko Lindi mjini. Ila naomba niwatetee waliobaki kwenye udalali, maana kwenye nyuzi hizi watu wanaonekana kama hawajafanikiwa. Nafanya hivyo mwaka wa tano sasa. Nadizaini, natuma Dar, napokea. Sina hedi, sina wino, sina fundi. Shida yangu ni moja tu: barabara. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika Somanga, nilikuwa na mabango ya watu wa mahafali yamekwama upande wa pili. Nilirudisha pesa na bado wengine wananinunia.

---

Mchapaji wa Chikongola

Dada wa Lindi umesema kitu kizito, na mimi nimefanya kazi yako, naiheshimu. Hebu tuweke hesabu mezani ili mtu aone ni wakati gani wa kuhama.

Roli la flexi (ile plastiki ya kuchapia mabango) la upana wa mita 1.6 na urefu wa mita 50 ni mita za mraba 80. La 3.2 ni 160. Wino kwenye mashine yangu, kwa bango lililojaa rangi, unakula kama mililita 10 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo lita moja inakupa karibu mita 100 za mraba, ukijumlisha rangi zote nne. Gawanya bei ya roli kwa 80, gawanya bei ya lita ya wino kwa 100, jumlisha. Hiyo ni bei ya bango kabla ya umeme, kodi ya fremu, kijana wa kupiga aileti (pete za kupitishia kamba) na hedi. Hedi usiisahau: chukua bei ya hedi ugawe kwa miezi 12, uiweke pembeni kila mwezi kwenye akaunti tofauti, hata kama inachapa vizuri. Mimi naiita pesa ya msiba. Hedi haikupi taarifa.

Ukimaliza, linganisha na bei unayolipa Dar pamoja na nauli ya mzigo. Kama faida kwa mita mara mita unazouza Machi haifiki kodi na mshahara, baki dalali na usione haya.

Jambo la Somanga lilinipiga na mimi kwa upande mwingine. Nilikuwa na mashine, ila wino wa njano ulikuwa robo chupa na mzigo uko njiani. Bila njano huwezi kuchapa kijani, chungwa, wala ngozi ya mtu. Siku hizi akiba yangu haishuki chini ya lita moja ya kila rangi, roli mbili za flexi, moja ya stika, kepu moja, waipa mbili (mipira ya kufutia uso wa hedi), na dampa seti nzima. Dar iko zaidi ya kilomita 550 kutoka hapa. Aliye Kariakoo anavuka barabara kununua dampa, sisi tunangoja basi.

---

Binti Newala

Samahani kaka, mimi ni mgeni kabisa. Dampa ni nini? Na kepu? Na mnaposema wino mkali mnamaanisha nini, na hii ekosolventi ninayoisikia ni nini? Kuna mtu ananiuzia HP ya lateksi iliyotumika, anasema haina harufu na picha inatoka kavu.

---

Mchapaji wa Chikongola

Usiombe samahani dada yangu, haya maswali ndiyo yanaokoa pesa.

Dampa ni kile kichujio kidogo cha plastiki kinachokaa juu ya hedi, wino unapita hapo kabla haujaingia. Kikijaa uchafu, rangi inakatika katikati ya bango kubwa, unadhani hedi imekufa kumbe ni dampa. Kepu ni kile kitanda cha mpira ambacho hedi inalalia ikimaliza kazi. Inaziba nozeli zisipigwe na hewa, na pampu iliyo chini yake inafyonza wino wakati wa kusafisha. Kepu ikipasuka ukingo, hewa inapenya, hedi inakauka usiku kucha. Ni kipande cha bei ndogo kinachoua kipande cha bei kubwa.

Sasa wino. Wino wa maji, hizi ni mashine za kuchora ramani na picha za ndani. Ukiuweka nje kwenye mvua yetu unatiririka. Wino mkali ni wa mabango ya barabarani, unang'ata PVC na hautoki, lakini harufu yake inaumiza kichwa na kifua, usifanye kazi chumba kisicho na feni ya kutoa hewa. Ekosolventi ni ndugu yake mpole, harufu ndogo, picha nzuri zaidi kwa karibu, unachapa flexi, stika, turubai la picha. Kwa ofisi zetu ndogo hiyo ndiyo njia. Ila stika ya ekosolventi usiifunike laminesheni siku hiyo hiyo. Iache ipumue walau saa 24, la sivyo mvuke uliobaki unaivimbisha na gundi inakuwa laini. Niliwahi kubandika stika za gari la mtu kwa haraka akitaka kusafiri, akarudi kutoka Tunduru kona zote zimejikunja kama majani makavu. Nikazirudia bure.

Lateksi ni kweli haina harufu, ni kweli inatoka kavu, unafunika na kubandika papo hapo. Hedi zake unabadilisha mwenyewe kama unavyobadilisha katriji. Ni mashine nzuri. Lakini inakausha kwa moto, na moto ni umeme. Kwa hiyo kabla ya yote muite fundi umeme aangalie waya na mita yako inabeba nini, halafu jiulize Luku itasoma vipi. Na kwa kuwa ni iliyotumika, muombe muuzaji achape karatasi ya taarifa ya mashine, inaonyesha imeshakula wino kiasi gani na vipuri gani vimefika mwisho. Akikataa kuichapa, nunua kitenge urudi nyumbani.

Uko Newala, juu kwenye uwanda, kuna vumbi kiangazi. Mlango wa chumba cha mashine uwe wa kufunga, sakafu ipigwe deki na siyo kufagiliwa kavu. Vumbi likitua kwenye ule utepe mwembamba unaong'aa nyuma ya gari la hedi (kile kibebeo kinachokimbia na hedi huku na huko), mashine inapoteza hesabu ya ilipo na inagonga ukutani.

---

Fundi wa Hedi

Niwasalimu wote. Nafanya matengenezo Mtwara, Lindi mpaka Tunduru. Mchapaji ameeleza vizuri, naongeza la umeme tu kwa sababu mashine nyingi ninazoitwa hazikufa kwa uzee.

Moja, ardhi. Soketi yenye matundu matatu haimaanishi kuna ardhi. Nimekuta majengo ambayo waya wa tatu umekatwa ndani ya ukuta. Flexi inapokimbia juu ya meza inatengeneza umeme tuli, na usipopata njia ya kwenda chini unapitia kwenye hedi. Chimbia fimbo ya shaba nje, vuta waya mpaka kwenye mwili wa mashine. Sehemu ya mchanga mkavu, mwagia maji pale kwenye fimbo kiangazi.

Mbili, zile nyaya bapa za hedi. USIZICHOMOE WALA KUZICHOMEKA mashine ikiwa imewashwa. Na ukibadili dampa, angalia tone la wino lisidondokee kwenye mdomo wa waya. Tone moja, ukiwasha, hedi na bodi vinaungua pamoja. Hii ndiyo kazi yangu kubwa kuliko zote, na ndiyo ninayochukia kumwambia mtu.

Tatu, umeme ukikatika katikati ya kazi. Mchapaji waeleze ile ya kwako, ile ya usiku.

---

Mchapaji wa Chikongola

Ile siikumbuki kwa raha, ila inafundisha.

Ilikuwa kama saa nne na robo usiku, nachapa bango la harusi la mita tano, inabaki mita moja. Umeme ukakata. Giza. Nikangoja kidogo nikidhani utarudi, nikatoka nje kuuliza majirani kama ni kwangu tu. Niliporudi na tochi ya simu nikamulika: gari la hedi limesimama katikati ya bango, juu ya bega la bwana harusi, hedi iko wazi inapigwa na upepo wa dirishani. Kwa joto lile la Desemba wino unaanza kukauka juu ya nozeli haraka sana. Nikaweka simu mdomoni, nikashika gari kwa mikono miwili nikalisukuma taratibu kwenda kulia mpaka nikasikia limepanda juu ya kepu na kukaa. Umeme ulirudi alfajiri. Nilipochapa chati ya nozeli, nyeusi ilikuwa imekatika mistari saba. Ilinichukua siku mbili za usafi mdogo mdogo kuirudisha. Bango lile nililirudia lote.

Kwenye mashine yangu kepu inapandishwa na gari lenyewe linapoisukuma, ndiyo maana mkono uliweza. Kuna nyingine kepu inapandishwa na mota. Hizo hata ukilisukuma gari, kepu inabaki chini na hedi iko wazi. Muulizeni muuzaji yake ni ipi. Ni swali ambalo sijawahi kusikia mnunuzi akiuliza.

Dawa yake ni UPS. Siyo ya kuchapa bango zima, ni ya kukupa dakika chache usimamishe kazi na gari lirudi nyumbani. Mashine nyingi zina nyaya mbili za umeme, moja ya kuchapa na moja ya hita za kukaushia. Kwenye UPS chomeka ile ya kuchapa peke yake. Ukichomeka na hita, itazima hapo hapo kwa sababu hita ndizo zinazokula. Na kabla ya UPS weka stebilaiza, maana umeme wetu una kawaida ya kurudi kwa kishindo.

---

Mtu wa Kilwa

Wakuu, nimesoma yote. Mimi sitaki mabango. Niko na vijana wa upimaji na makandarasi, wanahangaika kuchapa ramani, wanaenda mpaka Lindi au Dar. Je, nayo ni biashara?

---

Mchapaji wa Chikongola

Ni biashara, na ni ya utulivu kuliko yetu. Hapo ndipo mashine ya wino wa maji inapokaa. Karatasi ya A1 upana wake ni milimita 594, kwa hiyo plota ya inchi 24 ambayo ni 610 inaibeba. A0 ni 841, hiyo inataka inchi 36. Waulize hao vijana wanatumia saizi ipi. Wengi wa nyumba za kawaida wanaishia A1, wa barabara na upimaji wa viwanja wanataka A0. Ukinunua ya 24 kisha wateja wako ni wa A0, umefungwa.

Inakula umeme kidogo, haina harufu, inakaa hata kwenye kona ya steshenari. Adui yake kwenu pwani ni unyevu. Karatasi ikinywa unyevu inajikunja, inakwaruza hedi. Roli lirudishe kwenye mfuko wake kila jioni, na usilisimamishe juu ya sakafu ya saruji.

---

Mwana Masasi

Narudi na mrejesho. Nimepima fremu: mita 3.4 kwa 5. Mlango sentimita 90. Ya 3.2 imekufa hapo hapo. Nimemwambia muuzaji nataka ya 1.6, na nimemuuliza yale maswali. La pasi 6 alinijibu baada ya kunyamaza kidogo. La kepu hakulijua, akasema atampigia fundi wake. Sasa nimebaki kwenye hedi: XP600 moja, au i3200 moja kwa pesa ya ziada? Na je, nichukue hedi mbili?

---

Mchapaji wa Chikongola

Hongera kwa kupima mlango.

Kwa Masasi, na kwa daftari ulilonitumia, mimi ningechukua i3200 moja kama pesa ya ziada ni yako mfukoni. Kama ni ya mkopo, chukua XP600 moja na ile tofauti nunua hedi ya akiba uiweke kabatini. Mtu mwenye XP600 mbili, moja inafanya kazi na moja iko kwenye boksi, analala usingizi kuliko mwenye i3200 moja na deni. Hedi mbili kwenye mashine moja usianze nazo. Zinahitaji kupangwa zikubaliane kwa unyoya, na zikiachana kidogo utaona kivuli kwenye kila herufi, na wewe bado hujajua kuzipanga.

Mengine ya kumalizana na muuzaji kabla hujatoa hata shilingi: bodi ya mashine ni ya aina gani, maana ikifa ukaibadili na ya aina nyingine inabidi programu na nyaya navyo vibadilike. Programu ya kuchapia iwe na ufunguo wake halali, siyo ya kunakili itakayogoma siku ya mnada. Mafunzo siku ngapi, na nani anatoa nauli ya fundi akiitwa Masasi ndani ya miezi ya dhamana. Andikeni kwenye karatasi, wekeni sahihi, risiti ya EFD utoe nakala. Mimi ile ya kwanza nilikubaliana kwa mdomo, na mdomo haukunisaidia. Hedi huwa haimo kwenye dhamana za wengi, kwa hiyo muulize waziwazi asije akakuambia baadaye.

Na usisahau vya pembeni: mashine ya aileti, kisu na rula ndefu ya chuma, meza ya angalau mita mbili, mashine ya kukata stika. Watu wanamaliza pesa yote kwenye printa, halafu bango la kwanza wanalitoboa kwa msumari. Roli nazo usinunue za 1.6 tupu. Mabango mengi ya maduka yetu ni ya upana wa mita moja. Ukilichapa kwenye roli la 1.6 unatupa sentimita 60 kila mita. Chukua na roli la 1.02.

---

Fundi wa Hedi

Mwana Masasi, ukiniambia siku mashine inafika nitapanda gari la asubuhi. Usiifungue boksi kabla sijafika. Kuna vifungio vya safari vinavyoshika gari la hedi, na mtu akiwasha bila kuvitoa mkanda unakatika siku ya kwanza. Mwambie muuzaji hedi ije kwenye boksi lake peke yake, isije imefungwa kwenye mashine. Barabara ya kutoka Dar ni ndefu.

---

Mwana Masasi

Sawa fundi. Fimbo ya shaba nimeshanunua, shimo linachimbwa Jumamosi nyuma ya fremu, mwenye nyumba ameridhia. Mashine inapakiwa wiki ijayo. Boksi sitaligusa.